Msikilizaji wa Chumba cha Kurekodia

"Dada, jana ulikuwa na nani mle ndani?"

Aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa sheria asiyeona tangu utotoni. Chuo kizima kilimwita Wakili kabla hata hajahitimu, kwa sababu ya mdomo wake. Ni yeye aliyewaongoza wenzake kukaa chini mbele ya ofisi za utawala na kugoma kuondoka mpaka maktaba ikakifungua tena kitengo cha huduma kwa wasioona, kitengo ambacho kilikuwa kimefungwa miaka mingi bila maelezo ya maana. Aliyeulizwa alikuwa msomaji mpya wa kitengo hicho, mama wa binti mmoja. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye chumba cha kurekodia na kusoma vitabu vya masomo kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, ili wanafunzi wasioona wakasikilize. Nyumbani kwao walimwita Chiriku. Alianza kuongea mapema kuliko ndugu zake, na tangu siku hiyo, mama yake alisema, hajafunga mdomo.

"Nilikuwa peke yangu," Chiriku alijibu. "Chumba chenyewe kile, mimi tu najibana."

"Basi kuna mtu anakupumulia begani. Hebu sikiliza."

Wakili alimkabidhi hedifoni. Chiriku akasikia sauti yake mwenyewe ikisoma habari za mikataba, kavu na yenye haraka kidogo. Hakuona tatizo. Akataka kucheka. Halafu akasikia. Kabla ya kila sentensi palikuwa na pumzi mbili. Ya pili ilikuwa yake, aliijua. Ya kwanza haikuwa yake. Mtu alivuta pumzi taratibu, kama msomaji anayejiandaa kuanza, kisha akanyamaza na kumwachia yeye nafasi.

"Itakuwa feni," alisema.

"Feni haimezi mate, dada."

Chumba cha kurekodia kilikuwa mwisho wa ukumbi wa magazeti ya zamani, nyuma ya rafu ambazo hakuna aliyezigusa isipokuwa mwanafunzi anayetafuta pa kulala. Kuta zake zilifunikwa sponji nyeusi juu hadi chini. Mlango wake ulikuwa mnene, umezungushiwa mpira, na upande mmoja palikuwa na kioo kizito kilichotazamana na meza ya mitambo. Ukiufunga mlango ule, dunia inakatika. Husikii viti vikiburutwa, husikii mvua, unasikia damu yako tu ikipita masikioni. Siku ya kwanza Chiriku alikipenda. Kwa mtu anayeishi na mtoto, mama mzazi na majirani wanaopigana kila siku, kimya kile kilikuwa kama kitanda.

Baada ya maneno ya Wakili, alianza kukisikiliza kwa namna nyingine.

Ile pumzi haikuondoka. Mwanzo wa wiki ilikuwa pumzi tu. Baadaye ikawa mnong'ono, na mnong'ono ukapata maneno. Maneno yalikuwa yale yale aliyokuwa anayasoma. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, tamu, isiyo na haraka. Ilisoma pamoja naye. Kisha ikaanza kumtangulia, neno moja mbele, kama mwalimu anayemshika mtoto mkono. Chiriku alipokosea kutamka neno la kisheria, sauti ile ililirudia sawasawa, kwa upole, ndani ya hedifoni alizokuwa amevaa. Na kila ilipokuja, chumba kilijaa harufu ya tangawizi, kali na mbichi, kana kwamba mtu anaitafuna puani pake.

Mchana mmoja alijikaza. Akafika katikati ya aya na kufunga mdomo ghafla, makusudi. Sauti ile haikunyamaza. Iliendelea kusoma mpaka mwisho wa aya, ikatulia, ikavuta pumzi. Halafu ikasema jambo ambalo halikuwemo kitabuni.

"Fungua."

Chiriku hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta kwenye kaunta ya kuazimia vitabu, hedifoni zikining'inia shingoni na waya ukiburuta sakafuni. Alipofungua kinywa kueleza, ilitoka sauti ya mkwaruzo, kama ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha.

Mwanamke wa kaunta alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kamba, mkongwe kuliko mashine zote za maktaba ile. Wanafunzi walimwita Mama Faini, na hakuwahi kukasirika, maana alizitoza kwa furaha. Alimtazama Chiriku, akatazama waya, akafunga dirisha la kaunta japo watu walikuwa kwenye foleni.

"Umesikia tangawizi," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa anauliza.

"Mama, nani yule?"

Mama Faini alimvuta hadi nyuma ya rafu za vitabu vilivyorudishwa.

"Kabla yako kulikuwa na msomaji mwingine. Tulimwita Asali. Sauti yake, mwanangu, hata watu wenye macho yao mazima walikuja kuazima zile kanda, wakalalie. Alikuwa akitafuna tangawizi kulinda koo. Siku tunafunguliwa kutoka likizo ndefu, ndiyo akakutwa mle ndani. Amekaa chini, mgongo kwenye mlango. Kucha zake zote zilikuwa zimeisha."

Chiriku alishika rafu.

"Alifungiwa?"

"Mkuu wa Maktaba alisema alijifungia. Mbele ya familia, mbele ya polisi. Kwamba alichonga ufunguo wa siri, akawa anakutana na mwanamume mle ndani wakati watu wameondoka, na kufuli likamnasa. Watoto wake wakazika mama, wakazika na heshima yake siku hiyo hiyo. Baba yao hata makaburini hakuja."

"Na wewe uliamini?"

Mama Faini alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mimi ninachojua ni kwamba kishikio cha ndani cha mlango ule kilikuwa kimeng'oka muda mrefu. Asali alikuwa analalamika kila siku, na alikuwa anaweka kipande cha ubao mlangoni usijifunge. Mkuu alipompuuza sana, akapanda juu, akamshtaki kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mkuu alifokewa kama mtoto. Siku tulipomkuta Asali, kishikio kipya kilikuwa kimeshafungwa, kinang'aa. Sasa nani alikifunga wakati maktaba ilikuwa likizo? Nilijiuliza hivyo, mwanangu. Nikajiuliza kimoyomoyo, kwa sababu na mimi nilikuwa na watoto wa kusomesha."

Jioni ile Chiriku hakuzungumza njiani. Nyumbani mama yake alidhani ni mafua, akampa maji ya moto. Binti alikuwa ameshapanda kitandani na kitabu chake cha shule, anasubiri kusomewa kama kawaida. Chiriku alikaa pembeni yake, akafungua, akaanza. Mwanzoni ilikuwa ile sauti ya mkwaruzo. Halafu koo likalainika. Alihisi kitu chenye joto kikishuka kifuani na kukaa mahali ambapo sauti huanzia, na maneno yakaanza kutoka mazito, matamu, bila haraka, na mama yake aliyekuwa anakunja nguo chumba cha pili akasimama na kanga mkononi akajiuliza ni mgeni gani aliyeingia bila kubisha hodi.

Mtoto alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mama," alisema, "rudisha sauti yako."

Chiriku alitaka kumwambia usiogope. Kinywa hakikumtii. Kiliendelea kusoma, kikamaliza ukurasa, kikafunua mwingine, na kurasa za kitabu cha mtoto zilipokwisha kikaendelea bado, sasa kikisoma mambo ambayo hayakuandikwa popote, giza, mlango, mlango, kiu, kucha, mlango, huku machozi yakimtiririka na mikono yake ikiwa imejikunja kama ya mtu anayeparura, hadi mama yake alipoingia, akamnyakua mjukuu, akamziba binti yake mdomo kwa kiganja na kusikia, chini ya kiganja kile, sauti ikiendelea kusema bila midomo kusogea.

Kabla ya mapambazuko walikuwa kwa shangazi, na karatasi ambayo Chiriku alikuwa ameandika yote aliyosimuliwa na Mama Faini.

Shangazi wa Chiriku alishona sare za shule. Nyumba yake ilijaa kaptula na magauni ya rangi moja, na yeye mwenyewe siku zote alikuwa na kipande cha uzi kwenye nywele. Ila watu wa mtaa walijua kwamba mambo ya majini ukimpelekea huyu hatakuuza kwa majirani, na hatajifanya anatetemeka ili umwone mkubwa. Alimketisha Chiriku kwenye kiti cha wateja, akamtazama, akazima cherehani.

"Karibu," alisema. Hakumwambia Chiriku. "Umekuja na mtoto wetu, basi tuongee kama watu wa nyumba moja. Wewe ni yule mwanamke?"

Kinywa cha Chiriku kilifunguka. "Yule mwanamke amekufa. Wafu hawarudi."

"Sasa sauti yake unayo wewe kwa nini?"

"Ndicho kitu pekee nilichoweza kukishika."

Shangazi alivuta kigoda akakaa karibu zaidi. Aliuliza polepole, na jini akajibu polepole, na mama wa Chiriku akasikiliza akiwa amejikunyata pembeni ya mlango. Jini alisema kwamba kuna wenzake wanaopenda magofu, wengine visima, wengine majalala. Yeye alipenda kimya. Alipoona watu wamejenga chumba kisichopenya sauti, aliingia akatulia. Kisha siku moja akaja mwanamke, akaketi, akaanza kusoma. Kila siku alikuja. Alisoma sheria, alisoma tiba, alisoma historia ya nchi ambazo jini alizipitia zikiwa bado msitu. Tangu kuumbwa kwake hakuna kiumbe aliyewahi kukaa na kumsomea.

"Ukampenda," alisema shangazi.

"Nilimsikiliza."

"Na alipofungiwa, mbona hukumfungulia?"

Chiriku aliinama mbele mpaka nywele zake zikagusa magoti. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, na cherehani zote mbili chumbani zilianza kutikisika.

"Sikuwa na mikono. Aliniomba bila kujua ananiomba. Aligonga, aliita watoto wake kwa majina, aliisha, na mimi nikiwa hapo hapo, sauti tupu kama upepo. Hasira ndiyo iliyonipa mikono. Sasa ninayo. Nileteeni aliyefunga, au nitabaki na koo hili mpaka likauke."

Shangazi alimbembeleza. Alimwahidi kwamba mambo yatasemwa hadharani, jina la marehemu litasafishwa. Jini hakukataa wala hakukubali. Akanyamaza, na Chiriku akarudiwa na akili, bila sauti kabisa sasa, anaongea kwa kusogeza midomo tu. Yule Chiriku ambaye hakuwahi kufunga mdomo.

Asubuhi hiyo hiyo alikwenda ofisini kwa Mkuu wa Maktaba, akifuatana na Wakili awe ndiye mdomo wake. Mkuu alikuwa mwanamume mrefu, mtanashati, anayenukia manukato ya ghali. Mazungumzo yalikuwa yameshaenea kwamba karibuni atapandishwa, awe naibu wa Makamu Mkuu. Wakili alizungumza kwa heshima zote. Alisema hawaombi mtu afungwe, wanaomba ukweli usemwe kwa familia, basi.

Mkuu alisikiliza huku akipanga kalamu zake. Zilikuwa zinamteleza.

"Nani amewatuma?" aliuliza.

"Hakuna, Mzee. Dada huyu amepoteza sauti. Na sisi sote tumesikia kwenye rekodi."

"Mmesikia mzimu." Alicheka, lakini macho yake yalimwendea Chiriku kooni na kukaa hapo. "Kijana, wewe unasomea sheria au uganga? Kitengo hiki nilikifungua kwa huruma, na mmeanza kukigeuza pango la ushirikina. Mwisho wa wiki nakifunga. Huyu binti akatafute kazi kwingine. Na wewe utafute mtu wa kukusomea vitabu vya mtihani wako."

"Mzee..."

"Tokeni."

Walipokuwa wanatoka, Chiriku aligeuka. Mkuu alikuwa amesimama, leso mkononi, ananusa hewa ya ofisi yake kama mtu anayetafuta gesi inavujia wapi.

Siku ya mwisho wa wiki maktaba ilifungwa mapema alasiri. Mama Faini aliwatoa wanafunzi wa mwisho, akajifanya anafunga, kisha akamfungulia shangazi mlango wa kushushia vitabu. Nje jua lilikuwa bado kali, lakini ukumbi wa magazeti ya zamani haukuwa na madirisha, na taa zake za mirija zilikuwa zinapepesa. Wakili alikaa kwenye meza ya mitambo. Mashine ile aliijua kwa vidole kuliko wenye macho. Shangazi alisimama mbele ya chumba cha kurekodia, mkoba wa sindano begani, uzi kwenye nywele.

"Nitamwita atoke kwako aingie humu chumbani kwake," alimwambia Chiriku. "Nitaongea naye mpaka akubali kuhama. Kazi yako ni moja. Shika kishikio hiki, mlango ubaki wazi. Ukijifunga kuna mtu ndani, mimi sina tena neno la kumwambia. Umenielewa, mwanangu?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, akashika kwa mikono miwili. Chuma kilikuwa na baridi, halafu kikawa vuguvugu, kama mkono wa mtu.

Shangazi alianza. Alinong'ona tu, kama anayembembeleza mtoto aliyejifungia chooni. Chiriku alihisi lile joto likipanda kutoka kifuani, likapita shingoni, likamtoka kinywani bila maumivu, na harufu ya tangawizi ikajaa ukumbi. Ndani ya chumba taa ilififia. Maiki iliyokuwa imeinama ikanyanyuka polepole, yenyewe, ikasimama wima kwa urefu wa mtu aliyeketi. Mama Faini alijifunika uso na rundo la magazeti.

"Vizuri," shangazi alisema. "Umekaa kwako. Sasa tuongee safari."

"Safari ya nani?"

Sauti hiyo ilitoka nyuma yao. Mkuu alikuwa amesimama kati ya rafu, tai imelegea, uso umelowa jasho. Mlinzi alikuwa amempigia simu.

"Mama Faini, na wewe? Miaka yote hii, na wewe?" Alimpita shangazi kwa kumsukuma bega. "Mnaniletea waganga ndani ya chuo kikuu! Leo ndiyo mwisho. Waya hizi nazing'oa mwenyewe."

"Baba, usiingie humo," shangazi alimwambia. "Nakuomba kama dada yako. Ongea ukiwa hapo nje. Sema ulichofanya, kitakwisha."

"Nilichofanya?" Mkuu aliingia. Aliikamata ile maiki kwa shingo, akaanza kuvuta nyaya. "Nilichofanya ni kumvumilia. Mwanamke mshenzi, mdomo mrefu kazi fupi, anapanda kwa wakubwa kunisengenya mimi! Alikufa kama alivyoishi. Na wale watoto wake waliokuja hapa kunililia mwaka ule, niliwaambia na leo nasema, waende wakamtafute huyo mwanamume aliyekuwa anamfuata mama yao humu, huenda ndiye baba yao."

Chiriku alimtazama. Alimwona Asali ameketi chini, mgongo mlangoni. Aliwaona watoto ambao hakuwahi kuwaona. Kishikio kilianza kuvuta mikononi mwake, taratibu, bila pupa, kama mtu anayeomba apishwe. Aliweza kukishika. Alikuwa na nguvu za kutosha, hilo alilijua siku zote baadaye.

Akakiachia.

Mlango ulijifunga bila kishindo. Mpira ukagusana na mpira, na sauti ya Mkuu ikakatika katikati ya neno.

Shangazi aliruka kwenye kishikio, akavuta, akaweka mguu ukutani akavuta tena. Mama Faini alikuja kumsaidia. Ndani ya kioo taa ilizimika, na kilichoonekana ni viganja viwili tu, vimebandikwa kwenye kioo, vyeupe, vikitelezea chini na kupanda tena. Alikuwa anapiga. Walimwona anapiga. Hawakusikia chochote.

"Wakili, washa spika," alisema Mama Faini. "Washa, tumsikie!"

Wakili alipapasa, akabonyeza. Ukumbi ukajaa pumzi. Kwanza iliyotangulia, taratibu, kama ya msomaji anayejiandaa. Kisha ya pili, ya mwanamume, ikihema kwa hofu. Sauti nzito tamu ikaanza kusoma, na sauti ya Mkuu ikamfuata, neno moja nyuma, kama mtoto anayefundishwa, akikataa, akilia, akijaribu kuuma ulimi wake na bado akifuata, kwa sababu hakuwa anasema tena bali alikuwa anasomwa, ukurasa baada ya ukurasa, na kila kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kinatoka nje mbele ya watu: kwamba siku ile ya mwisho kabla ya likizo alipita na kukuta ubao mlangoni na Asali ndani amempa mgongo, hedifoni masikioni, anasoma, kwamba alikumbuka alivyofokewa mbele ya watu, akaupiga ubao teke, akaufunga mlango amtie adabu kidogo, saa moja tu, kisha amrudie, kwamba alialikwa kwenye tafrija akaenda, na umeme wa jengo ukazimwa kwa ajili ya likizo, na chumba kile kikabaki giza, na hewa kidogo tu, kwamba usiku ule alishtuka usingizini akamkumbuka, akajiambia walinzi watakuwa wamemtoa, kwamba kesho yake alikumbuka tena, akavaa viatu, akafika mpaka getini kwake, akaogopa ataulizwa nini, akarudi ndani, akavua viatu, akanywa chai, kwamba kila siku alivaa viatu, na kwamba siku aliyokwenda kweli alikwenda na kishikio kipya mfukoni, akakifunga akiwa amepiga magoti kando ya maiti, hakuangalia uso wake, akaondoka akiwaachia wengine wamkute.

Hapo Mkuu alinyamaza. Sauti ile nyingine ikamnong'oneza neno. Hakulisema. Ikamnong'oneza tena.

"Alikuwa bado ana joto," alisema Mkuu.

Mama Faini alitoa ukelele akakaa chini palepale sakafuni.

Shangazi aliweka paji la uso kwenye mlango. "Umesikika," alisema, na sasa na yeye alikuwa analia. "Dunia imesikia. Mwachie pumzi yake, nakuomba. Usitutwishe maiti ya pili."

Spika zilikwaruza.

"Pumzi abaki nayo," ilijibu sauti ya Asali. "Mimi nachukua kile nilichonyang'anywa."

Mlango ukafunguka kirahisi, kama mlango wowote. Mkuu alitoka kwa magoti. Damu ilikuwa inamdondoka vidoleni, kucha zake zote zilikuwa zimeisha. Alifungua kinywa wazi kabisa, mishipa ikamsimama shingoni, akapiga ukelele ambao hakuna aliyeusikia. Alipokohoa, hakuna mlio. Alipopiga ngumi kifuani, hata kifua hakikutoa sauti.

"Mungu wangu," alisema Chiriku, kisha akajishika koo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kavu, yenye haraka.

Siri ile haikungoja kesho. Mama Faini, aliyekaa nayo kifuani miaka yote, aliitoa kwa siku moja kwa kila aliyetaka kusikiliza, kuanzia Makamu Mkuu hadi muuza vocha wa getini. Polisi waliwaandika maelezo wote wanne. Bintiye Asali mkubwa alikuja, mwanamke mzima sasa. Alisimama mbele ya kile chumba muda mrefu, akakataa kuingia, akamwomba Wakili asimulie yote bila kupunguza. Wakili hakupunguza. Alipomaliza, yule binti alisema, "Asante. Nitakwenda kumwambia baba," akaondoka haraka. Chuo kiliung'oa mlango ule na kuutupa, na siku hizi wasomaji husoma na pazia tu, na wasikilizaji huvumilia kelele za ukumbini.

Chiriku alirudi kazini. Alipoanza kurekodi, Wakili alikaa meza ya mitambo kama zamani, akasikiliza, akaridhika kwamba pumzi ni moja. Kisha akavua hedifoni.

"Dada, siku ile nilisikia vidole vyako vikiachia kile chuma. Kimoja kimoja."

Chiriku alifunua ukurasa, akaurudisha.

"Sijaulizwa na mtu," alisema Wakili, "na kwenye sheria, ambalo hujaulizwa hulijibu." Akavaa hedifoni zake. "Endelea. Ulikuwa ukurasa gani?"

Shangazi alipoulizwa jini amekwenda wapi, alisema kwa Chiriku hayupo, hilo ana hakika, na zaidi ya hapo asiulizwe. Akawasha cherehani.

Jibu lilikuja lenyewe, jioni ya kwanza maktaba ilipofunguliwa tena rasmi baada ya uchunguzi wa polisi. Wanafunzi walikuwa wanakusanya mikoba, Mama Faini anazima kompyuta za kaunta, pale spika za ghorofa zote zilipokwaruza na mtu akavuta pumzi. Kilichofuata kilikuwa sauti ya mwanamume, ya kutetemeka, na kila mfanyakazi aliyekuwepo aliitambua kabla neno la pili halijatoka.

"Wasomaji wapendwa, maktaba inafungwa. Tafadhali angalieni kama kuna mtu amebaki ndani. Angalieni kila chumba. Angalieni tena. Tafadhali, naomba, angalieni tena."

Mama Faini aliinamia swichi za matangazo. Zote zilikuwa zimezimwa, na vumbi juu yake halijaguswa.

Tangu hapo, inarudi kila jioni. Mafundi wamekata nyaya, wameshusha spika moja baada ya nyingine, na bado inatoka, kutoka darini, kutoka kwenye rafu. Wafanyakazi wameacha kubishana nayo. Huzunguka kila ghorofa, hufungua kila chumba, hata vyoo, hata makabati, ndipo sauti inanyamaza na wao wanaruhusika kwenda kwao.

Na mke wa Mkuu amewaambia ndugu zake, kwa siri, kwamba mumewe, aliyerudishwa nyumbani baada ya polisi kushindwa kumhoji, hushinda kutwa ametulia kitandani akitazama ukuta. Ila saa ya kufunga maktaba ikifika huinuka, hukaa wima, midomo yake huanza kwenda mbio, na machozi humtoka mpaka shati linalowa. Amejaribu kusoma midomo hiyo ajue mumewe anataka nini. Hajafaulu, kwa sababu kila mara, anasema, kuna kitu kama mkono kinachomshika mumewe kidevu, kinamgeuzia uso mlangoni.